Karatasi ya Kaki

Mtu wa skrepu alikuja na mizani ya kuning'iniza begani na sumaku mfukoni. Ilikuwa mwanzo wa Januari 2022. Alizunguka gari mara moja tu, akalipiga teke chini ya mlango wa dereva, na vipande vya kahawia vikamwagika kwenye nyasi kama majani ya chai. Akasema atalichukua kwa shilingi 35 kwa kilo, injini tutoe wenyewe, kazi ya kukatakata ni juu yake. Baba mdogo akatoa simu akaanza kupiga hesabu. Mimi nilikuwa kwenye veranda na laptop yangu na earphone sikio moja, nachapa maneno ya mkutano wa Wamarekani fulani, kazi ambayo unalipwa kwa kila dakika ya sauti. Sikio lile lingine likasikia jumla: elfu thelathini na kitu.

Wakakubaliana arudi baada ya wiki mbili na lori na mitungi ya gesi ya kukatia.

Wiki hiyohiyo stima zikapotea Kenya nzima. Nguzo za laini kubwa ya kutoka Kiambere kwenda Embakasi zilikuwa zimeanguka, na serikali ikasema vyuma vyake vilifunguliwa na wezi. Tarehe 20 Januari Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya chuma chakavu nchi nzima. Mtu wetu wa skrepu akazima simu. Kwa hivyo nikisema kwamba niliokoa gari la babangu, nitakuwa nadanganya. Liliokolewa na wezi wa nguzo za stima.

Ni Peugeot 504 station wagon. Ukiwa umezaliwa baada ya mimi huenda hujawahi kupanda, lakini wazazi wako walipanda, na waliiita Pijo. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikawa inaunganishwa Mombasa kwa miaka mingi. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, dereva akiwa Ove Andersson, na ile ya milango miwili ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Lakini huku magharibi hakuna aliyeipendea mbio. Iliheshimiwa kwa sababu ya kile kiti cha tatu, kile cha nyuma kabisa, kilichogeuza gari la familia kuwa matatu. Karatasi ilisema watu saba. Karatasi haikuwahi kufika Webuye.

Papa (sisi Wabukusu wengi tunamwita baba hivyo) alikuwa kiwanda cha karatasi hadi kilipofungwa mwaka 2009. Alikuwa ameinunua hiyo Pijo kama mtu wa tatu au wa nne, ikiwa na viraka tayari, akiwa na mpango wa kuwa anaiendesha wikendi. Wikendi ikawa wiki nzima. Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, Kitale, halafu anarudi. Siku za soko alienda Bungoma. Alifanya hivyo hadi Probox zilipojaa barabarani, zikila mafuta kidogo na kuondoka stage kabla Pijo haijapasha injini, na mwaka 2013 akaliegesha nyuma ya nyumba chini ya mparachichi. Alifariki 2018. Gari lilibaki pale, maparachichi yakiliangukia paa kila msimu.

Mimi nilirudi nyumbani kutoka Nairobi wakati wa korona nikisema ni kwa mwezi mmoja. Unajua hiyo story.

Sikuwa na sababu nzuri ya kuanza. Watu hupenda kusikia kwamba nilimwota papa, au kwamba nilipata picha ya zamani kwenye sanduku. Ukweli ni kwamba skrepu ilikuwa imepigwa marufuku, kazi ya mtandaoni ilikuwa imepungua, na nilikuwa nimetazama video nyingi mno za wanaume wa Ulaya wakirudisha magari ya zamani kwenye gereji zenye heater. Katika hizo video kutu hutoka kwa dakika kumi na mbili, na muziki.

Nilianza na bisibisi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mtu yeyote anayetaka kujua gari lililoliwa na kutu limebaki kiasi gani: unachukua bisibisi bapa na unadunga kila mahali, hasa palipo na rangi nzuri. Rangi nzuri ndiyo ya kuogopa. Chuma kizima kinajibu kwa sauti kali na bisibisi inarudi. Kilichooza kinanyamaza, na bisibisi inaingia hadi kwenye mpini. Halafu kuna hali ya tatu ambayo sikuijua, pale bisibisi haiingii wala hakuna sauti ya chuma, ni kama unagonga ukuta wa plasta. Hiyo ni fila. Unapitisha sumaku na inaanguka chini.

Nilichora kila tundu kwa chaki. Kufikia jioni gari lilikuwa na chaki kuliko rangi. Madigadi zote mbili za mbele, chini ya milango yote minne, sakafu upande wa dereva, sehemu ya chini ya mlango wa nyuma, na pale chini ya kioo cha mbele ambapo majani ya mparachichi yalikuwa yameoza yakawa udongo. Kulikuwa na mche umeota hapo. Si uongo, mche wa parachichi.

Nikamwita fundi wa bodi mmoja wa jua kali hapa mjini, mzee aliyemjua papa. Alikuja na mikono mfukoni.

"Mulembe," akasema. "Hii ni ya baba yako."

"Ndiyo, mzee."

Akaliangalia kwa muda mrefu, zaidi ya alivyohitaji. "Unataka itembee ama unataka ikae tu uiangalie?"

Nikasema nataka itembee.

"Basi umechelewa miaka kumi. Lakini leta chai."

Tulielewana kwamba atakuwa anakuja Jumamosi, elfu moja kwa siku, na siku zingine nitafanya mwenyewe kile alichonionyesha. Hakunionyesha vya kutosha, au mimi sikusikiliza vya kutosha. Mama anaamini ni hiyo ya pili.

Kosa la kwanza lilikuwa bati. Nilikuwa na mabaki ya mabati ya paa, yako pale, ya bure, yanang'aa, nikaona nitayakata yawe viraka vya sakafu. Nikaazima mashine ya kuchomelea. Moshi mweupe ukatoka, mzito, na mdomoni nikasikia utamu wa ajabu kama nimelamba sarafu. Usiku nikatetemeka hadi kitanda kikalia. Asubuhi nikapimwa malaria, hakuna malaria. Jumamosi fundi alipoona vile viraka alicheka mpaka akakaa chini. Mabati ya paa yamepakwa zinki, na zinki ikichomwa inatoa moshi unaokupa homa ya siku moja au mbili. Akaniambia ninywe maziwa. Maziwa hayakusaidia kitu.

Kosa la pili lilikuwa mashine yenyewe. Bati la bodi ya gari ni jembamba, halifiki hata milimita moja, na ile mashine ya vijiti ambayo kila welda wa milango na madirisha anayo inalitoboa kabla hujahesabu mbili. Nilikuwa nachomelea tundu moja na kupata matatu. Kuna Jumatano nilianza na tundu la ukubwa wa shilingi kumi nikamaliza na dirisha.

Kitu kimoja tu kilienda vizuri mwaka ule wa kwanza. Nilikuwa nimesoma kwamba molasi inatoa kutu. Unachanganya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji, unatumbukiza chuma, unasahau kwa wiki mbili, na kutu inaachia bila kuguswa na msasa. Sasa, ukiishi Ulaya molasi unaitafuta. Ukiishi kati ya Webuye na Bungoma, na kiwanda cha sukari cha Nzoia kiko hapo katikati, molasi inauzwa kwa mtungi kama mafuta ya taa, chakula cha ng'ombe. Nilinunua mitungi miwili nikaimwaga kwenye pipa nyuma ya choo, nikaongeza maji, nikatumbukiza bawaba za milango, kufuli ya boneti na vifuniko vya magurudumu. Siku ya nne ilianza kutoa povu. Siku ya sita harufu ikafika barabarani.

Siku ya saba mzee wa mtaa akafika, pamoja na kijana mmoja ambaye hakujitambulisha.

Hapa kwetu watu wananunua molasi kwa sababu mbili tu, na sisi hatuna ng'ombe. Mzee alilizunguka lile pipa kwa heshima yote, akaniuliza habari za kazi, akauliza habari za Nairobi, akamuuliza mama habari za kanisa. Mwishowe akashindwa. "Mama, hii chang'aa mnapika ya kuuza ama ya matanga?" Nikaingiza mkono kwenye pipa hadi kwenye kiwiko nikatoa bawaba. Ilikuwa nyeupe. Chuma kitupu, kijivu kinachong'aa, kama kilitoka dukani asubuhi. Kijana akaishika, akaigeuzageuza, akasema ana panga nyumbani. Kufikia mwisho wa mwezi pipa lilikuwa na mapanga ya mtaa mzima.

Nilipenda bawaba kwa sababu bawaba inaingia kwenye pipa. Sili haiingii.

Sili ni ule mhimili unaopita chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ukiangalia gari kutoka nje unauona kama pambo tu, mstari wa chini. Lakini Pijo ya aina hii haina chesi kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na sili ni mfupa wake wa paja. Hii niliielewa nikiwa nimeshakata.

Nilikuwa nimesubiri hadi Jumapili, mama akiwa kanisani na fundi hayupo, kwa sababu nilitaka Jumamosi inayofuata aje akute kazi. Nikachora mstari kwenye sili ya upande wa dereva, nikawasha grainda, nikakata kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kilichotokea. Nikajisifu. Kisha nikasikia sauti ndogo, tik, kama kifundo cha kidole, na mlango wa nyuma ukajifungua wenyewe. Nikaurudisha. Haukufunga tena. Gari lote lilikuwa limelegea katikati, kiasi cha upana wa kidole, kama punda aliyebebeshwa kupita uwezo wake. Kabla ya kukata mtu hufunga mabomba ndani ya nafasi za milango kushikilia umbo. Wale wa YouTube hufanya hivyo pia. Ni kwamba wanafanya haraka, na mimi sehemu hizo nilikuwa naruka.

Nilikaa kwenye nyasi. Halafu, kwa kuwa hakukuwa na cha kuharibu tena, nikavuta lile bati nililokata nione ndani.

Kwanza kulikuwa na fila, unene wa kidole gumba, tabaka juu ya tabaka, kila moja na rangi yake: nyeupe, kijivu, nyeupe tena. Nyuma ya fila kulikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, Kimbo ya kilo mbili, limepasuliwa na kupigwa hadi likawa bapa, limeshikiliwa na ribiti nne. Na nyuma ya kopo, imejazwa kuelekea mbele na nyuma kadiri mkono ungefika, kulikuwa na karatasi ya kaki.

Ilikuwa imelowa. Ilikuwa imelowa kwa miaka. Lakini vipande vya katikati vilikuwa bado vinafunguka, na nilipokifungua cha kwanza nilijua ni mkono wa nani kabla akili haijafika. Papa alikuwa akileta mabaki ya kaki kutoka kazini, na kila Januari alikaa mezani akivalisha vitabu vyetu. Alikuwa na namna yake ya kukunja pembe, mara mbili kwa ndani, kisha anapitisha ukucha. Watoto wengine kaki zao zilitoka Machi. Zetu zilifika Novemba. Ile karatasi ndani ya sili ilikuwa imekunjwa hivyo. Pembe mara mbili kwa ndani, na alama ya ukucha.

Nitaeleza kwa nini hilo ni baya, kwa mtu ambaye hajawahi kushughulika na kutu. Chuma hakioti kutu bila maji na hewa. Sili ni boksi, maji yanaingia ndani kila mvua ikinyesha, hilo haliepukiki, na chini yake kuna matundu madogo ya kuyatoa. Ukiziba matundu kwa fila, maji yanabaki. Ukijaza karatasi, unakuwa umeweka sponji. Halafu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hivyo mabati mawili yaliyobanwa pamoja yanasukumana na kufunguka kutoka ndani, na nje rangi bado ni safi. Mtu aliyejaza karatasi pale hakuwa anatengeneza gari. Alikuwa anatengeneza sura ya gari. Na papa alikuwa mtu wa mashine, miaka kwa miaka kiwandani kati ya unyevu na chuma. Hakuwa mtu wa kutojua.

Fundi alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimevipanga vile vipande vya kaki kwenye boneti, vikauke. Hakuuliza sili. Aliangalia karatasi.

"Hiyo ilikuwa kabla ya ukaguzi," akasema. "Mwaka ule ulienda Form One."

"Wewe ulijua?"

"Mimi ndiye nilipaka rangi."

Nikamuuliza kama alijua ndani kuna nini. Akasema rangi ni rangi, mtu hupaka kile ameletewa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba alijua. Kwamba gari kama hilo mwaka 2010 yalikuwa mengi, na ukaguzi uliangalia taa na breki na tairi, na mwenye kuinama hakuinama sana.

Nilikasirika wiki mbili. Sikugusa gari. Nilikuwa nafanya hesabu usiku: watu tisa, wakati mwingine kumi, mara nne kwa siku, siku sita kwa wiki, hadi 2013. Walimu. Akina mama wa soko na magunia yao. Wanafunzi wakati wa kufunga shule. Na mlango wa dereva ulikuwa umeshikiliwa na kopo la Kimbo. Barabara ya Kitale ya wakati ule ilikuwa na mashimo ya kutosha kuvunja gari zima, sembuse hilo. Na nilikumbuka kitu nilichokuwa nimekiweka kama kumbukumbu tamu. Siku ya kwenda Form One mvua ilinyesha, nilikuwa nimekaa nyuma yake, na tulipovuka dimbwi kule Kamukuywa maji yalirukia soksi zangu kutoka chini. Kutoka ndani ya gari. Nikapiga kelele. Papa akacheka, akasema, "Weka miguu juu ya sanduku, malkia." Miaka yote hiyo nimesimulia hadithi hiyo kwa sababu aliniita malkia.

Nilimpelekea mama ile karatasi jioni moja. Alikuwa anapukusa mahindi. Nilitaka nimweleze polepole, nimwandae, kwa sababu nilidhani namvunjia mtu picha ya mumewe. Aliigusa mara moja na kurudi kwenye mahindi.

"Unafikiri ni nani alishika tochi?" akasema.

Sikujibu.

"Usiku. Na ile simu ya mulika-mwizi. Mkono mmoja tochi, mkono mwingine kopo. Ndugu yako mgongoni." Akatupa gunzi. "Alisema ataweka bati Aprili. Term ya pili ikafunguliwa. Akasema Agosti."

"Na kama ingekatika, mayi? Na watu ndani?"

Alipukusa hindi zima kabla ya kujibu.

"Ingekatika," akasema. "Leta hiyo sufuria nyingine."

Nimemwuliza tena mara moja tangu siku hiyo, na alisema hivyohivyo. Sina cha kuongeza. Wapo watakaosoma hapa waseme mzee alijitoa mhanga kwa elimu ya mtoto wake, na nawaelewa, mimi ndiye mtoto mwenyewe. Lakini wale wa kiti cha tatu walilipa nauli. Hawakuwa wamekubali kunisomesha kwa njia hiyo.

Tulirudi kazini. Fundi alileta mabomba manne na tukayafunga ndani ya nafasi za milango, tukaliinua gari kwa jeki mbili, robo ya mzunguko kwa wakati, mimi nikiwa na uzi. Unafunga uzi kutoka pembe ya juu ya mbele hadi pembe ya chini ya nyuma ya nafasi ya mlango, kisha ule mwingine, unapima yote miwili. Zikilingana na za upande wa pili, umbo limerudi. Ilituchukua Jumamosi mbili kupata upana wa kidole. Niliipeleka michoro ya sili Bungoma, kwa jamaa mwenye mashine ya kukunja bati, na akanikunjia ya geji 18, nzito kuliko ya Mfaransa. Kwa kuchomelea tulikodi MIG ile ndogo, na safari hii nilisikiliza: nukta moja hapa, nukta moja kule mbali, unangoja ipoe, unarudi katikati. Ukienda mfululizo joto linakunja bati na unabaki na mawimbi ya ziwa. Nukta moja, ngoja. Nukta moja, ngoja. Kwa siku moja nzima nilimaliza mita moja na nusu, na ni siku niliyoipenda kuliko zote.

Fundi alitaka tuzibe chini kabisa, maji yasiingie. Tulibishana. Nikamwambia maji yataingia tu, suala ni yatatokea wapi. Nikatoboa matundu sita. Akanyamaza, kisha akaenda akaleta chupa ya oili chafu ya injini, akaimimina ndani ya sili kupitia tundu la juu mpaka ikadondoka kwenye matundu yangu, moja baada ya jingine. "Sasa," akasema. Dawa ya kizamani ya jua kali, na inafanya kazi.

Tulipoondoa mabomba mlango wa dereva ulifunga kwa kusukumwa na kidole. Mama alikuja akaufungua na kuufunga mara tatu. "Huu ulikuwa unataka upigwe," akasema, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa 2023. Ningependa kusema gari limeisha. Liko na praima ya kijivu, halina kioo cha nyuma, injini sijaigusa. Nilikuwa nimepanga kumaliza bodi Desemba, na Desemba yule Mmarekani akaacha kututumia kazi. Kulikuwa na tundu moja limebaki, pale chini ya kioo cha mbele ulipokuwa ule mche, upana wa kiganja. Kulitengeneza vizuri lazima kioo kitoke, na kioo kikivunjika kingine cha Pijo ni cha kutafuta Kitale na Eldoret hadi uchoke. Fundi aliangalia tundu, akaniangalia mimi.

"Tia fila," akasema. "Nani ataona."

Niliwaza siku tatu. Nikatia fila. Lakini kabla ya kuipaka niliingia ndani, nikalala chali chini ya dashibodi, na kwa msumari nikakwaruza kwenye chuma, mahali ambapo mtu atakayefungua ataona: FILA TU HAPA. 12/2023. BATI BADO. Fundi alisema hajawahi kuona mtu akijishtaki mwenyewe ndani ya gari.

Marufuku ya skrepu iliondolewa kitambo, mwaka huohuo wa 2022, wakaanza kupewa leseni. Yule mtu wa mizani alipita tena majuzi, akaona Pijo imesimama wima, akaendelea na safari yake bila kusema neno. Baba mdogo ndiye aliyekuja baadaye, amevaa koti. Alizunguka gari, akafungua milango yote minne, akaifunga. Binti yake anaolewa. Alisikia siku hizi Nairobi watu wanakodi magari ya zamani ya harusi kwa pesa nyingi, na hii, kwa kuwa ni ya familia, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeitunza isiuzwe skrepu, alidhani haitakuwa vibaya bibi harusi afike kanisani nayo.

"Itakuwa tayari lini?" akauliza.

Niliangalia chini ya kioo cha mbele.

"Agosti," nikasema.